Hatukosi printa, tunakosa picha

Katika mijadala yetu ya hospitali za Pwani kuna jambo ambalo halitajwi barazani wala kwenye vikao vya kaunti, na nadhani halitajwi kwa kuwa linasikika kama habari za Ulaya. Daktari wa mifupa anayejiandaa kupasua nyonga ngumu anaweza siku hizi kuishika nyonga hiyo mkononi mwake, ya plastiki, kubwa sawasawa na iliyo mwilini, siku kadhaa kabla mgonjwa hajachomwa sindano ya nusu kaputi. Si nyonga ya kielelezo kama zile za darasani. Ni ya mgonjwa yule yule, na ufa wake, na pembe yake iliyopinda, na tundu lake lililolika.

Nimeliandikia hili kwa sababu wanaoliona kuwa anasa wamekosea hesabu, na wanaoliona kuwa muujiza wamekosea zaidi.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyofanywa. Skani ya CT haipigi picha moja. Inausoma mwili vipande vipande vyembamba, mfano wa boflo iliyokatwa slesi, kila slesi milimita moja au pungufu. Programu ya kompyuta huzipanga slesi hizo zikawa boflo tena, kisha mtu aliyefunzwa huketi na kuteua: huu ni mfupa, ubaki, hii ni nyama, iondoke. Programu za kazi hiyo ziko za bure. Iko 3D Slicer ya Marekani, na iko InVesalius, iliyoanzishwa Brazil mwaka 2001 kwa ajili ya hospitali za umma za nchi ile, ambazo hazikuwa na fedha za kununua programu za bei kali. Faili ikishakuwa tayari hupelekwa kwenye printa ya 3D, mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Uzi unaotumika sana unaitwa PLA, na hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au kwa miwa. Nusu ya fupanyonga pamoja na kichwa cha paja inaweza kuchukua usiku mzima na mchana wake, lakini plastiki inayoliwa ni gramu mia chache tu.

Fundi wa jahazi kule Matondoni huunda chombo bila ramani na watu humsifu kwa jicho lake. Lakini fundi huyo ameuona mti, ameupapasa, ameugeuza huku na huku kabla ya kutia msumeno. Daktari wa mifupa hana nafasi hiyo. Ubao wake umefunikwa na nyama, mishipa na damu, na hana ubao wa pili akikosea huu.

Sasa, si kila nyonga inahitaji mfano. Mzee ambaye kiungo chake kimechakaa kwa umri, mfupa wake ukiwa na umbo la kawaida, daktari atampima kwa eksirei na vipimo vya siku zote na atamtia nyonga ya bandia vizuri. Operesheni aliyoisimamisha John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwaka 1962 imewasimamisha watu mamilioni bila plastiki yoyote ya kuchapishwa. Daktari akikwambia mama yako mwenye umri wa miaka sabini lazima atengenezewe mfano na lazima ulipe, muulize sababu. Faida iko kwenye nyonga ambazo umbo lake limeharibika, na hizo sisi Pwani tunazo nyingi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyoiita. Aliyerithi jeni lake kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, ndiyo maana jeni hilo limedumu katika maeneo kama yetu na kule Nyanza na magharibi ya nchi. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Watafiti wa KEMRI na Wellcome, walioweka kambi Kilifi tangu 1989, wameufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi, na familia zetu zinaujua bila kuhitaji utafiti: mtoto analia usiku kwa maumivu ya mifupa, manjano machoni, damu ya kuongezewa. Kisichosemwa sana ni kinachowapata baadhi yao wakikua. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache myembamba. Chembe za damu zilizopinda zikiiziba, kichwa hicho hufa na baadaye hubonyea, kama yai lililokanyagwa. Ndipo unapomwona kijana wa miaka ishirini na kitu anatembea na mkongojo.

Kijana huyo akifika chumba cha upasuaji, mfupa wake si ule wa vitabuni. Uwazi wa ndani ya paja, pale shina la nyonga ya bandia linapopita, mara nyingi umejaa mfupa mgumu na umekuwa mwembamba. Kikombe cha nyonga nacho huenda kimesukumwa ndani. Daktari akilazimisha shina la kawaida, paja linaweza kupasuka mezani. Kwa mgonjwa huyu skani na mfano wake vinamwambia daktari mapema kama vifaa alivyo navyo vitaingia, au aagize shina dogo zaidi, au aanze kuchimba upande gani. Akiligundua hilo wakati paja limeshafunguliwa, amechelewa, na mgonjwa wa selimundu si mtu wa kulazwa mezani kwa saa za ziada huku akipoteza damu.

Sababu ya pili ni barabara. Bodaboda, tuktuk, matatu za Malindi, malori ya Mazeras na Mariakani. Abiria wa mbele gari likigonga, goti hupiga dashibodi na nguvu yote hupanda kwenye paja hadi kikombe cha nyonga, kikavunjika. Mfupa huu una umbo gumu mno kuliwaza kwa picha bapa. Wafaransa wawili, Robert Judet na Émile Letournel, waliziainisha aina zake za kuvunjika mwaka 1964, na mpaka leo madaktari vijana hukesha wakijifunza kuzitambua kwenye eksirei. Kuunga mvunjiko huo hutaka bamba la chuma lililokunjwa lifuate mviringo wa mfupa. Kwa desturi daktari hulikunja palepale: analipima, analitoa, analikunja, analirudisha, na mgonjwa amelala tumbo wazi.

Hapa ndipo ninapouona mfano kuwa na maana kuliko popote. Kompyuta inaweza kuuchukua upande mzima wa nyonga, ule usiovunjika, na kuugeuza kama kioo kinavyogeuza sura, ukawa ndio umbo la upande ulioumia kabla ya ajali. Mfano ukichapishwa hivyo, daktari hulikunja bamba lake juu ya plastiki jana yake usiku, akiwa na kikombe cha chai mezani, akachagua na urefu wa skrubu. Bamba hupelekwa kuchemshwa na vifaa vingine. Asubuhi linaingia likiwa limeshakaa.

Tafiti za jambo hili ni nyingi, hasa kutoka China na India, na nyingi zinaelekea upande mmoja: muda wa upasuaji hupungua na damu inayomwagika hupungua. Lakini nyingi ni za wagonjwa wachache, na ushahidi kwamba mgonjwa atatembea vizuri zaidi baada ya miaka mingi hauna nguvu kama huo wa damu na muda. Kwangu damu na muda vinatosha kuanzia. Mkoa ambao ndugu hupigiana simu usiku kutafuta wa kutoa damu hauna haki ya kudharau kitu kinachopunguza chupa moja.

Basi kwa nini hatuna? Jibu la haraka ni fedha, na jibu hilo si sahihi. Printa za kiwango cha kazi hii zimekuwa bidhaa za kawaida, na Mombasa zipo; mwaka 2020, wakati wa korona, vijana sehemu nyingi nchini walizitumia kuchapisha ngao za uso. Tatizo linaanza kabla ya printa. Linaanza kwenye ile bahasha kubwa.

Mnaijua. Ukipigwa CT unapewa filamu nyeusi mbili tatu ndani ya bahasha, na karatasi ya ripoti. Mwaka juzi nilimsindikiza mpwa wangu, kijana wa selimundu niliyemlea nyumbani, kwa daktari wa mifupa mjini Nairobi. Tulibeba bahasha yetu kwenye treni kwa uangalifu kama tumebeba hati ya shamba. Daktari aliitazama kwenye taa, akauliza, “CD iko wapi?” Hatukuwa nayo. Aliomba tuirudie hospitali iliyopiga picha, tukapiga simu, tukaambiwa mashine hufuta picha za zamani ili kupata nafasi na zilizobaki ni zile nene. Kijana akapigwa skani upya: tukalipa tena, akala mionzi tena.

Filamu haina kazi kwa mfano wa plastiki. Ni picha ya boflo, si boflo. Kinachohitajika ni data yenyewe, slesi zote, na ziwe nyembamba. Slesi ya milimita tano inamfaa mtu wa kuandika ripoti ya haraka, lakini ukiichapisha mfupa hutoka na ngazi ngazi kama kidato cha minara, na ufa mwembamba hupotea kati ya slesi moja na nyingine. Mashine nyingi hutengeneza slesi nyembamba kwanza. Hospitali ndizo huchagua kuhifadhi zile nene kwa kuwa zinachukua nafasi ndogo. Huu ni uamuzi wa utawala, si wa sayansi, na gharama ya kuubadilisha ni gharama ya diski za kuhifadhia.

Na si suala la hisani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kuzifikia data zake, na haki ya kupewa data hizo katika mfumo unaosomeka na mashine. Picha ya nyonga yako ni data yako. Bunge likaongeza Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023, na kila siku tunaambiwa habari ya kumbukumbu za mgonjwa zitakazosafiri naye kutoka zahanati hadi rufaa. Zianze kusafiri kwenye CD ya shilingi chache. Nikiwa hapo hapo niseme: kuipiga filamu picha kwa simu na kuituma WhatsApp, jina na umri wa mgonjwa vikionekana pembeni, si kumbukumbu ya kidijitali. Haisaidii upasuaji na inamvunjia mtu sitara.

Kikwazo cha pili ni nani alipe. SHA imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Inalipia skani kwa kiwango chake, inalipia upasuaji kwa kifurushi chake. Mfano wa plastiki hauna mahali pa kuandikwa. Hospitali ikiutengeneza, gharama inamezwa na hospitali au inasukumwa kwa mgonjwa. Hata Marekani, yenye fedha, walichelewa: namba za kuiandikia kazi hii kwenye madai ya bima zilianza kutumika Julai 2019, tena kama namba za muda, za kuhesabu kwanza ni nani anaitumia na kwa nini, bila ahadi ya malipo. Hata hilo la kuhesabu tu lingetufaa. Bila namba hakuna rekodi, na bila rekodi kila mwaka tutaambiwa hakuna mahitaji.

Nakiri kuna hoja ya upande wa pili na ni nzito. Hospitali ambayo mgonjwa hutumwa kununua glavu na uzi nje ya lango, unaiambia habari za printa? Hoja hii nimeisikia kwa wauguzi na siwezi kuwadharau. Lakini mgonjwa tunayemzungumzia hapa haachi kutibiwa kwa kukosa mfano. Anatibiwa kwa gharama kubwa zaidi: anapelekwa Nairobi, au ukoo mzima unafungua kundi la mchango na kumpeleka India. Wengine huishia kwa muunga mifupa, nyonga iliyotoka mahali pake ikakaa miezi nje, na ikija kurudishwa ndiyo inageuka kuwa ile kesi ngumu inayohitaji mfano kuliko zote.

Hofu yangu mimi ni tofauti. Naogopa kaunti itasikia neno printa, itangaze tenda, ikate utepe, na mashine ikae chini ya kitambaa. Tumeshaliona hili. Mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza mwaka 2015 ulihusu hospitali 98 nchi nzima, na kamati ya Seneti iliyouchunguza mwaka 2020 ilikuta baadhi ya vifaa vimelala kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Printa ni kitu rahisi kuliko vyote katika mnyororo huu. Kitu kigumu ni mtu anayeketi mbele ya kompyuta saa mbili tatu akitenganisha mfupa na mfupa.

Kazi hiyo ina mitego. Kiungo kikiwa kimelika, kichwa cha paja na kikombe huonekana vimeshikana, na asiyejua ataviacha vishikane. Mfupa mwembamba hufutika ukiteua kiwango kibaya cha weupe, na mfano ukatoka na tundu ambalo mgonjwa hana. Mbaya kuliko yote, faili ikigeuzwa kimakosa, nyonga ya kulia inakuwa ya kushoto. Kwa hiyo kila mfano lazima upimwe kwa kipimo cha chuma na kulinganishwa na skani, uandikwe upande na tarehe, na mtaalamu wa eksirei na daktari wa upasuaji wautie sahihi kabla haujatumika. Na usiguse kidonda: PLA hulainika kwenye joto la nyuzi kama 60, wakati mashine ya kuchemshia vifaa hufika 121 na zaidi. Mfano hukaa pembeni, ndani ya mfuko safi unaoonyesha, daktari anautazama. Mambo ya kuchapisha viongozi vya msumeno au chuma cha kubaki mwilini ni daraja nyingine kabisa, yenye vibali vya Bodi ya Dawa na Sumu, na asije mtu akatuuzia yote mawili kwa jina moja.

Mtu huyo wa kompyuta tunaweza kumpata hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kina wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mradi wa kumalizia masomo kila mwaka. Wazee wanakijua chuo hicho kwa jina la MIOME, taasisi iliyoanza kufundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora miongoni mwa wengine. Walijengewa ili wajue mashine za zama zao. Kutoka Tudor hadi hospitali ya rufaa pale Makadara ni mwendo wa tuktuk. Wahandisi wawili waliofunzwa, chini ya mtaalamu wa eksirei, wanatosha kuanzia, na wasihudumie Mombasa peke yake. Kesi za aina hii si nyingi kiasi cha kila kaunti kuwa na dawati lake. Kaunti sita za Jumuiya ya Kaunti za Pwani zikichangia dawati moja, mgonjwa wa Lamu au Hola hahitaji kusafiri ndipo mfano utengenezwe. Data yake ndiyo inayosafiri, akisafiri yeye inakuwa ni kwa upasuaji.

Kuna faida moja zaidi ambayo haiandikwi sana kwenye majarida. Mpwa wangu aliposhikishwa mfano wa nyonga yake kule Nairobi, aliuzungusha, akatia kidole pale palipobonyea, akauliza maswali ambayo kwa miaka minane ya kliniki hakuwahi kuuliza. Mama yake, asiyesoma ripoti ya Kiingereza, alielewa kwa nini mguu mmoja umekuwa mfupi na kwa nini daktari alisema hatari ipo. Alipotia sahihi karatasi ya ridhaa alijua anaridhia nini. Ni wangapi wetu tumetia sahihi karatasi ile kwa kuonyeshwa tu pa kuweka kidole?

Kwa wale ambao zamu yao ni wiki ijayo, maneno ya kusema kwenye dirisha la skani ni haya: naomba picha zote kwenye CD au fleshi, slesi nyembamba, si filamu peke yake. Omba kabla ya kupigwa, kwa sababu vipimo huwekwa kabla, na baada ya hapo mashine imeshamwita mwingine. Fungua CD hiyo kwenye kompyuta ya mtu kabla hujatoka mjini, uone kama ina kitu. Na kwa wanaohudhuria vikao vya maoni ya umma, waraka wa mkakati wa fedha wa kila kaunti lazima ufike bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Fungu la kuulizia limeandikwa afya, na swali la kwanza si printa. Ni hili: picha zetu mnazihifadhi wapi, na kwa muda gani?